Kuvu ya Benie

Jumamosi asubuhi Odile alimimina javel, dawa ya kung'arisha, kwenye ndoo ya maji, akajifunga kitambaa puani, akapiga magoti bafuni. Sakafu ilikuwa na utando wa sabuni, na ukutani, chini ya bomba, kuvu nyeusi ilikuwa imepanda hadi usawa wa kichwa. Alisugua mistari ya saruji kati ya vigae kwa mswaki mkuukuu, akasuuza, akafungua dirisha. Ukuta ukatakata. Jumatatu kuvu ilikuwa imerudi palepale, na sasa ilikuwa na mabega.

“Haukusugua muzuri,” alisema mumewe, Félicien.

“Nilisugua.”

“Bon, rudilia.”

Félicien alifanya kazi ya mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka. Mke wake wa kwanza, Benie, alikuwa amefia humo bafuni mwaka uliotangulia. Aliteleza kwenye sabuni; ndivyo familia ya Félicien ilivyosema msibani. Tangu hapo Félicien alioga akiwa ameuelekea mlango.

Odile alirudia kwa siki, kisha kwa chumvi na ndimu. Kila alipoondoa kuvu, ilirudi na kitu zaidi: kiwiko, sikio, misuko ya nywele. Mwishowe alikuwa Benie mzima, uso umegeuzwa pembeni, mkono mmoja umeinuliwa. Odile alimfahamu kwa picha iliyokuwa bado sebuleni. Akawa anamsabahi kabla ya kuoga. Benie hakumtisha. Kilichomtisha ni mlio wa viatu vya Félicien uani, jioni.

Siku moja, akisugua shingo ya Benie, aliona sehemu ambayo kuvu haikuota. Ilikuwa alama nyeupe ya mkono. Dole gumba upande huu, vidole vinne upande ule, na cha shahada kiliishia katikati. Cha Félicien pia kiliishia katikati. Kilibanwa na mlango wa kontena zamani, kabla hajaoa.

Odile aliweka mswaki chini. Akamtumia ujumbe mama yake Benie, Mama Honorine, anayeuza samaki kule Wagenia, kwenye maporomoko.

Mama Honorine alikuja Jumapili baada ya misa, pamoja na Tonton Dominique, mkubwa wa ukoo wa Félicien. Wote wanne wakasimama bafuni wakibanana.

“Benie, mutoto wangu, umekonda,” Mama Honorine aliuambia ukuta. Akapangusa matone kwenye shavu la bintiye kwa ncha ya kitenge. Kisha akageuka.

“Mulisema aliteleza.”

“Aliteleza, mama,” alisema Félicien.

“Na hii mukono?”

Félicien alitia mkono wake mfukoni. Tonton Dominique aliinama, akaitazama alama kwa muda mrefu, akavua miwani na kuifuta.

“Hii nyumba iko na maji mingi,” alisema, akigusa bomba. “Tuyo inavuja. Félicien, utaita mutu atengeneze tuyo. Alors, tutoke, huku iko joto.”

Sebuleni wakanywa bia. Mama Honorine hakunywa. Alipoaga, alimshika Odile viganja vyote viwili. Odile alimsindikiza hadi barabarani, akabaki kumtazama hadi pikipiki ilipokata kona.

Fundi alikuja, akabadilisha bomba, akamwomba Benie radhi kwa kelele za nyundo. Ukuta haukukauka.

“Nani aliitaka ule mama?” Félicien aliuliza jioni moja. Odile aliendelea kupepeta mchele. Félicien akampa chupa mpya ya javel, akaingia kuoga. Maji yakaanza kumwagika. Alikuwa akiimba, sauti nzuri, ile ya kwaya ya kanisani.

“Odile! Leta essuie-main!”

Odile akachukua taulo kambani, akasukuma mlango. Félicien alikuwa amefumba macho, povu usoni, mkono wenye kidole kifupi ameunyoosha kupokea. Nyuma yake, ukutani, Benie alikuwa amesogea kushoto. Pembeni yake palibaki vigae visafi, nafasi ya kumtosha mtu mmoja wa kimo cha Odile.

“Ingia, funga mulango,” alisema Félicien. “Upepo inaingia.”

Odile akaingia, akafunga mlango.