Jina la Mama Zenobia

Vernetta nimemlea mimi. Dada yangu alifariki mtoto akiwa bado anang'oka meno ya utotoni, na tangu hapo kila zuri lake nimelitangaza Memphis nzima kana kwamba nimelizaa mwenyewe. Kwa hiyo na aibu ya Jumapili ile ni yangu pia, siwezi kumwachia peke yake.

Kazi yake ni kufundisha chuo kikuu habari za wanawake katika dini. Niliwahi kumuuliza somo hilo maana yake nini, akanijibu, "Aunti, tunauliza nani alisema, nani alinyamazishwa, na nani akaandikwa kwamba ndiye aliyesema."

"Makubwa!" nikamwambia. "Hayo sisi tunayasema bure jikoni kila Jumapili, kumbe wenzetu mnalipwa?"

Alicheka mpaka akakohoa. Ndipo mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikampeleka kwa Mama Zenobia Crutcher.

Mama Zenobia ndiye mkubwa wa akina mama wa kanisa letu, wale wanaovaa nyeupe na kukaa kiti cha mbele. Si mtu laini. Ukitafuna peremende wakati wa sala atakutaja mbele ya watu. Anapenda kofia, tena anapenda kukaa pale kofia itakapoonekana. Marehemu mumewe, Mchungaji Crutcher, alilitikisa kanisa hili miaka mingi, lakini mahubiri aliyaandika mkewe kwenye meza ya jikoni huku maharage yakichemka. Mzee alikariri tu. Alipoyachapisha, jalada lilikuwa na picha yake na jina lake, na ndani akamshukuru "mke wangu mpenzi", basi. Sisi wanawake tulijua sote na tukanyamaza sote. Kwetu mwanamke hahubiri. Anaruhusiwa "kutoa neno", naye hulitoa akiwa amesimama chini sakafuni, mimbarani hapandi.

Vernetta alikwenda kwake Jumamosi baada ya Jumamosi, kinasa sauti mezani, na Mama akafungua kinywa. Kitabu alichoandika Vernetta kutokana na mazungumzo hayo kilipokaribia kutoka, mimi na Mama tulikuwa tunamenya viazi vitamu pamoja, akaniambia, "Lorene, mimi naelekea zangu. Ila kabla sijaenda, mtu atafungua ukurasa asome kwamba Zenobia Crutcher ndiye aliyeyasema haya. Sitaki kingine." Kisha akaniuliza kama kofia ya zambarau itamfaa siku hiyo, au itamfanya aonekane mwimbaji wa klabu.

Tulimfanyia Vernetta karamu baada ya ibada, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Mcheza kwao hutuzwa, nami nilitaka atuzwe haswa. Palikuwa na kuku wa kukaanga, sukuma iliyochemshwa na shingo ya bata mzinga, makaroni ya jibini, mkate wa mahindi, na keki ya siagi niliyooka mwenyewe. Kila mama alikuwa na kitabu chake mapajani, alichopewa mlangoni na bado hajakifungua. Mama Zenobia alikaa mbele kabisa, na kofia ile ya zambarau.

Vernetta alisimama akasoma sura ya mahubiri ya jikoni. Anasoma vizuri, mtoto yule. Alianza kwa kulisema kanisa namna lilivyofuta majina ya wanawake: kumbukumbu za mikutano zimejaa mke wa mchungaji, mama wa shemasi, binti wa fulani, utadhani hawakuwahi kubatizwa. Amina zikawa zinaruka kila upande. Mama Zenobia alifunga macho na kunyoosha mgongo.

"Mahubiri hayo," Vernetta akasoma, "yaliandikwa na Mama Naomi."

Mama Zenobia akafumbua macho.

"Naomi?" Huyo alikuwa Earline, ambaye mdomo wake hauna breki. "Naomi gani? Yule wa mapacha aliyehamia Detroit?"

"Yule hawezi kuandika hata orodha ya sokoni!" mwingine akadakia, na ukumbi ukacheka.

Vernetta aliinua uso akitabasamu tabasamu lake la darasani, akaona uso wa Mama Zenobia, na tabasamu likamfia mdomoni. Hapo ndipo alipoelewa. Niliona kwa macho yangu anaelewa. 

Earline alikuwa ameshaanza kufunua kurasa. "Naomi huku, Naomi kule. Ngoja kwanza. Haya si ni mambo ya Mama Zenobia? Vernetta, jina la Mama liko wapi? Unatuhubiria kufutwa majina, na wewe umemfuta?"

Kicheko kikakatika. Akina mama wakaanza kunung'unika, na manung'uniko ya wanawake wale si kitu cha kuchezea. Vernetta aliishika meza. Nilitamani sakafu ipasuke, inimeze mimi na kuku wangu.

Mama Zenobia akainuka.

"Earline, kaa chini, wewe. Naomi ni mimi." Aliisawazisha kofia. "Nilipojazwa Roho, Bwana aliniita kwa jina hilo. Sikumwambia mtu yeyote ila binti huyu, na nikamwomba aliandike hilo. Mna swali jingine?"

 Kilichofuata ni haleluya, na tari ikaanza kupigwa. Earline naye, kwa vile hakubali kushindwa, akapiga kelele, "Basi mimi ni Ruthu, mkweo wa kwenye Biblia! Uendako nitakwenda, hasa kama kuna kuku!"

Mama Zenobia alicheka pamoja nao. Mtu ambaye hajawahi kunisamehe uongo hata mmoja kuhusu umri wangu, alisimama kanisani akamsingizia Mungu ili kumsitiri mtoto wangu.

Vernetta alikimbilia jikoni. Nikamfuata, nikamkuta ameinamia sinki, bomba limefunguliwa hadi mwisho.

"Ni desturi yetu, Aunti," alisema. "Mtu akikueleza maisha yake unambadilisha jina, ili asije akadhurika. Tunafanya hivyo kwa kila mtu."

"Adhurike na nani? Mchungaji amekufa. Maaskofu waliomkataza kuhubiri wamekufa. Ulimuuliza kama anataka kufichwa?"

Alifunga bomba. "Mwenyewe akitaka jina lake, inaruhusiwa kabisa. Sikumuuliza. Nilidhani ataogopa."

"Mama Zenobia aogope!"

"Nilijiona namlinda." Alijifuta uso kwa taulo la sahani. "Nimewafundisha watu jambo hili miaka yote, halafu nimelifanya mimi. Siwezi hata kumtazama."

"Utamtazama. Rudi kule, uwaambie wanawake wale kwamba jina lake ni Zenobia na kosa ni lako. Watakupigia kelele, halafu watakupa sahani. Ndivyo tulivyo."

"Naomba usimame nami."

"Nitasimama nawe," nikasema.

Tulirudi. Akina mama walikuwa wamepanga foleni, vitabu mkononi, wanataka sahihi. Wa kwanza alikuwa Mama Zenobia, na nyuma yake Earline anamtania, "Sogea, Mama Naomi! Mama Naomi, usichukue siku nzima!" Jina lilikuwa limeshawakolea. Vernetta aliketi, akachukua kalamu. Mama akamfungulia ukurasa wa kwanza, akaulaza mbele yake na kuunyoosha kwa kiganja.

"Andika, binti."

"Mama, mimi..." Vernetta alianza. Akatazama foleni yote, wale waliomfundisha Amri Kumi, waliomchangia nauli ya kwenda chuo, waliomsuka nywele nilipokuwa kazini. Kisha akanitazama mimi.

Nami nilitazama keki. Nilikuwa nimekwisha kuwaambia wanawake wale, mmoja mmoja, kwamba hakuna profesa kama wangu.

"Andika vizuri," Earline akasema juu ya bega lake. "Kwa Mama Naomi. Tuone huo mwandiko wa chuo kikuu!"

Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu. Halafu Vernetta akaandika, "Kwa Mama Naomi, kwa upendo", na chini yake akatia sahihi, jina lake lote na cheo chake.

Mama Zenobia alisogeza kitabu karibu na macho, akasoma huku midomo ikicheza. Earline alikuwa ameshageuka kumcheka mtu mwingine, kwa hiyo tuliosikia ni mimi na Vernetta tu.

"Asante, binti," Mama alisema. "Mume wangu naye alinitilia sahihi kile kitabu cha kwake."

Akakifunga, akakitia mkobani, akaniuliza kama keki bado ipo. Nikamkatia kipande kikubwa, nikampa sahani huku nimeinamisha uso, na Vernetta akamwandikia anayefuata.