Fomu Saba Zilizokamilika

Waliohudhuria: Mkuu wa Chuo cha Uuguzi, ambaye ndiye mwenyekiti wa bodi ya jarida, Metroni wa hospitali, Mtakwimu, Katibu wa jarida mwenye kuandika kumbukumbu, mimi mhariri, mwalimu wa uuguzi kwa miaka ishirini na minane, na mwalikwa mmoja, mwandishi wa kwanza wa makala iliyojadiliwa, ambaye tangu alipokuwa mwanafunzi wangu tulimwita Rula kwa sababu hakuwahi kupiga mstari kwa mkono mtupu. Hakuna aliyetoa udhuru. Kikao kilifunguliwa saa nne kamili asubuhi katika chumba cha kusomea cha maktaba, na ajenda ilikuwa moja.

Ajenda yenyewe ilikuwa ya furaha. Makala ya Rula, tuliyoichapisha miezi mitano iliyopita, iliombwa na wizara ichapishwe upya, safari hii kama mwongozo kwa hospitali zote. Vilihitajika vitu viwili: kibali cha bodi, na saini za waandishi wake wawili. Mwandishi wa pili nilikuwa mimi.

Makala ilihusu wagonjwa wasioweza kujigeuza kitandani. Tangu zamani tumefundisha kwamba mgonjwa wa namna hiyo ageuzwe kila baada ya saa mbili, asije akapata vidonda vya kulalia. Rula alifuatilia wagonjwa mia mbili na kumi na wawili katika makundi mawili: kundi moja likigeuzwa kila baada ya saa mbili, jingine kila baada ya saa nne. Mwisho wa utafiti vidonda vilikuwa karibu sawa. Kwa hiyo, ilisema makala, saa nne zinatosha. Wauguzi, ambao hawatoshi popote, walishusha pumzi. Hospitali yetu ilianza kuifuata kabla wino haujakauka, na nyingine zikaiga.

Nami nilikuwa nimeifurahia. Rula aliliweka jina langu nafasi ya pili kwa heshima, kama mtoto anavyompa mzazi kiti. Nilisoma rasimu mara tatu, nikasahihisha vituo na mpangilio wa marejeo. Fomu zenyewe zilizokusanywa wodini sikuziona hata moja.

Alhamisi kabla ya kikao nilikwenda kumwona dada yangu mkubwa katika wodi ya wanawake. Alikuwa na wiki ya tatu tangu apate kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havikumtii, na maneno yalimtoka polepole upande mmoja wa mdomo. Ilikuwa saa moja asubuhi, zamu zikibadilishana. Muuguzi kijana alifika miguuni pa kitanda, akachukua karatasi ya kugeuza, akaandika bila kuketi: saa moja, ubavu wa kushoto, saa tano, chali, saa tisa, ubavu wa kulia. Akatia saini mara tatu. Kisha akahamia kitanda cha pili.

"Binti," nikamwita, "saa tisa bado haijafika."

Akageuka akicheka. "Shikamoo, Mwalimu! Si wewe uliyetufundisha? Anza zamu kwa kuipanga zamu."

"Marahaba. Nilisema kwa penseli. Mkishamgeuza mgonjwa ndipo mnapitisha wino."

"Penseli?" Akamtazama mwenzake, wakacheka wote wawili bila ubaya wowote. "Mwalimu, penseli ziliisha zamani. Tulizikuta ndani ya madaftari yako tu."

Alipoondoka, dada akanivuta shati kwa mkono wake mzima. "Bwana Ratiba," akasema. Ndilo jina alilonipa tukiwa watoto, kwa kuwa nilikuwa nikipanga viatu vya nyumba nzima mlangoni kwa ukubwa. "Kwa kalamu nageuzwa vizuri sana. Mgongo wangu ndio haujapata habari."

Nilicheka naye. Nilipofika kwenye ngazi, nilikuwa nikiziwaza zile fomu ambazo sikuziona hata moja.

Fomu za utafiti wa Rula zilihifadhiwa katika stoo ya chuo, ndani ya maboksi manne, zimepangwa kwa tarehe na kufungwa kwa utepe. Zilipangwa vizuri mno. Nikajivunia kwa muda mfupi, kisha nikaona haya. Ijumaa yote nililinganisha kila fomu na daftari la vifo la wodi. Sijui nilitafuta nini. Labda nilitafuta nisipate.

Mgonjwa wa kitanda namba tisa alifariki saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Daktari aliandika hivyo, na ndugu wakatia saini ya kuchukua mwili. Fomu ya kugeuza ya siku hiyo hiyo ilisema kwamba aligeuzwa saa tano, akalazwa chali saa saba, ubavu wa kulia saa tisa, ubavu wa kushoto saa kumi na moja. Mwandiko mmoja, wino mmoja, saini haikutetemeka popote. Mara nne marehemu aligeuzwa, akiwa tayari chumba cha maiti.

Hadi jioni nilikuwa nimezipata saba.

Jumatatu mchana nilizipeleka ofisini kwa Rula. Niliziweka mezani moja baada ya nyingine. Alizitazama kama mtu anayetazama picha za nyumba aliyowahi kuishi.

"Niliziona," akasema. "Mwaka jana."

"Ukazifanya nini?"

"Niliziondoa. Iko kwenye makala, Mwalimu, ukurasa wa nne. Ulipita hapo."

Nilikuwa nimepita. Sentensi yenyewe niliikumbuka neno kwa neno, kwa sababu niliufuta mkato wake: *Fomu saba ziliondolewa kwa kutokamilika.*

"Hizi zimekamilika kuliko zote, Rula. Hakuna hata kisanduku kimoja kitupu."

"Sasa ningeandika nini? Kwamba maiti waligeuzwa?" Alianza kupanga kalamu zake mezani, ndefu kwa fupi. "Saba tu. Zimebaki mia mbili na tano, na matokeo hayatikisiki hata kidogo. Muulize Mtakwimu."

"Hao saba tumewajua kwa sababu walikufa katikati ya zamu. Waliobaki hai, nani atasema kama waligeuzwa?"

"Kwa hiyo unadhani zote zilijazwa asubuhi?"

"Wewe unadhanije?"

Kalamu zilikuwa zimenyooka. Ndipo akasema kwa sauti ya upole, ile aliyoitumia darasani alipoomba muda zaidi: "Faili langu la kupandishwa cheo liko mezani kwa Mkuu. Makala hii ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Na jina la pili, Mwalimu, ni la nani?"

Asubuhi ya kikao nilipitia wodini kwanza. Ngozi nyeusi haitangazi wekundu wa kidonda kinachoanza; huwa nawafundisha wanafunzi wasiamini macho yao, wapeleke mgongo wa mkono. Muuguzi alinisaidia kumlaza dada ubavu, nami nikaweka mgongo wa mkono wangu juu ya kifandugu chake, mwisho wa uti wa mgongo. Palikuwa na joto, mahali padogo tu. Nilipobonyeza kwa kidole, nyama ilikuwa ngumu kama tunda ambalo halijaiva. Kwenye karatasi iliyoning'inia miguuni pake, saa tisa alasiri ya siku hiyo ilikuwa imekwisha kutiwa saini.

Haya yote niliyaeleza kikaoni kwa mpangilio, fomu saba zikiwa zimepangwa mezani. Nilipofika kwenye kitanda namba tisa, Katibu aliacha kuandika.

"Niandike hivyo hivyo?" akauliza. "Marehemu aligeuzwa?"

"Andika hivyo hivyo."

Mkuu wa Chuo alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Bwana Mhariri, haya si ungeniletea ofisini kwanza? Tungeyamaliza kifamilia."

"Wodi zangu hazijaja hapa kuvuliwa nguo," Metroni akadakia. "Wodi ya pili ina wagonjwa thelathini na mmoja. Nina muuguzi mmoja na nusu. Huyo nusu ana plasta mguuni. Njoo wewe, Mwalimu, uje na penseli zako, ugeuze thelathini na mmoja kila baada ya saa mbili, halafu tuone utajaza nini kwenye hiyo karatasi yako."

"Kama hawakugeuzwa, Metroni, karatasi iseme hawakugeuzwa."

"Na mkaguzi akija?"

Alijua anamuuliza nani. Nilikuwa miongoni mwa wakaguzi hao kwa miaka sita. Nilihesabu visanduku vitupu na kukata alama. Sikuwahi kumgusa mgonjwa mgongo.

Mtakwimu alikuwa akishusha kidole chake taratibu kwenye fomu ya kitanda namba tisa. "Mimi nililetewa namba," akasema hatimaye. "Nilihesabu vizuri. Nimerudia jana, na nilihesabu vizuri. Ila kama Mwalimu anasema kweli, nilihesabu vizuri jambo ambalo halikutokea. Hakukuwa na makundi mawili. Kulikuwa na karatasi za aina mbili."

"Kama," akasema Rula. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Amesema *kama*. Hakuna ushahidi juu ya hizo mia mbili na tano. Mwalimu ana dada yake mgonjwa, tunamwombea wote. Lakini uchungu si takwimu."

Mkuu alilidaka hilo kama mtu aliyetupiwa kamba. Alipendekeza tuchapishe sahihisho dogo katika toleo lijalo, maneno mawili matatu kuhusu fomu saba, na kibali cha wizara kitolewe leo. Kisha akaniangalia kwa upole. "Na kwa mujibu wa kanuni, Bwana Mhariri..."

Alikuwa sahihi. Kanuni ya nne ya jarida inasema kwamba mhariri hapigi kura juu ya makala aliyoshiriki kuiandika. Niliiandika mwenyewe. Nilinyanyuka, nikahamia kiti cha dirishani, mbali na meza, kama inavyoelekezwa. Nje, wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wakitandika kitanda cha mazoezi kivulini, wakipigana vikumbo juu ya pembe za shuka. Mdoli wa mazoezi alikuwa amelazwa kwenye nyasi, uso chini.

Katibu hana kura. Mkuu alinyoosha mkono kuunga mkono sahihisho dogo. Metroni akanyoosha wake, kwa shingo upande. Mtakwimu alikataa. Mbili kwa moja. Rula alitoa fomu ya kibali ndani ya bahasha, akatia saini mahali pake, akaisukuma kwenye meza hadi ukingo ulio karibu nami. Kalamu aliiweka juu yake, sambamba na mstari.

Wakati huo simu ya Metroni ilitetemeka mezani. Aliisoma, akafyonza. "Wodi ya wanawake tena. Wanataka vifaa vya kufungia vidonda. Ni mara ya tatu wiki hii, sijui wanavitafuna..."

Hakumaliza. Aliitazama simu kama aliyesoma ujumbe ule kwa mara ya kwanza. Kisha akapandisha ujumbe wa nyuma yake, na wa nyuma yake, midomo ikitembea bila sauti. Hakuna aliyemuuliza anahesabu nini.

"Wodi ya pili vipi?" Mtakwimu akauliza kwa sauti ya chini.

"Wodi ya pili," akasema Metroni, "waliacha kuomba. Stoo iliwaambia vimekwisha."

Saa ya ukutani ilionesha saa tano kasoro dakika nane. Rula alikuwa ananitazama. Macho yake hayakuwa na hasira; yalikuwa ya mwanafunzi anayesubiri kurudishiwa daftari. Nilimwona akiwa na miaka kumi na tisa, akipiga mstari chini ya tarehe, akihakikisha kwamba ukurasa ni safi. Mimi ndiye niliyempa alama za juu kwa usafi wa ukurasa.

Nilichukua fomu ya kibali, nikairudisha mezani bila saini, nikabaki nimesimama.

"Sina kura, na sitaiomba," niliwaambia. "Ila mwandishi ana haki yake, na natangaza uamuzi wangu mbele yenu ili Katibu auandike. Sitatia saini, kwa hiyo wizara haitapata kibali. Naomba, kama mwandishi wa pili, makala iondolewe yote, si maneno mawili matatu. Bodi ikikataa kuiondoa, nitatangaza mwenyewe. Barua kwa hospitali zilizoanza kuifuata nimeziandika tangu alfajiri, na mfuko wa shati langu umezibeba. Katika tangazo nitasema kwamba fomu saba zilikuwa kamili, kwamba zilijazwa kabla ya kazi kufanyika, na kwamba aliyewafundisha wauguzi kuandika saa kabla ya kugeuza ni mimi, na aliyetia jina bila kuziona ni mimi. Rula ataandika sehemu yake kwa mkono wake, nimemwachia nafasi. Uhariri nauacha leo. Na sasa mnisamehe, mwenyekiti, naondoka kabla ya kufunga kikao. Zimebaki dakika tano ifike saa tano, na karatasi ya dada yangu inasema atalazwa chali. Nakwenda kuangalia nani anamgeuza. Metroni, ukiwa tayari, tutaanzia kitanda cha kwanza."