Vifungo Visivyong'oka

Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, Bi Vifungo alitumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya moto chini ya meza yake, akahesabu hadi mia mbili, kisha akajaribu kukunja vidole. Vilikubali kimoja kimoja, kwa maringo. Jina hilo alipewa na wenzake wa karakana, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kushona vifungo kwa mkono kwenye makoti ya wapishi, ya walinzi na ya madaktari.

Baridi yabisi ilikuwa imemwingia viungoni miaka minne nyuma. Vidonge vilipambana na uvimbe hadi ukanywea, na kila mtu akafurahi isipokuwa maumivu, ambayo hayakuambiwa. Wakati wa uvimbe, utando wa ndani ya viungo ulikuwa umeziita neva mpya, nazo zikaja kwa wingi kama ndugu wa mbali wanaokuja msibani. Matanga yakaanuliwa, ndugu wakabaki, wakaongezeka.

Mwishowe neva zikakosa nafasi. Jumanne moja neva ilichungulia nje ya kiungo cha kidole cha shahada, nyeupe na nyembamba, na kufikia saa nne ilikuwa imeshagusa sakafu. Shoga yake wa meza ya pili aliiona.

"Shoga, uzi wako unaburuta," akasema. Akauokota na kuutunga kwenye sindano ya Bi Vifungo, maana alikuwa mtu wa kusaidia hata asipoombwa.

"Ai," akasema Bi Vifungo.

"Pole. Kumbe ni wako?"

"Ni wangu."

Lakini makoti arobaini yalitakiwa kabla ya saa sita, na sindano ilikuwa imeshatungwa. Akashona.

Msimamizi aliyakagua kwa mtindo wake wa siku zote, kukishika kifungo na kukivuta kama anayeng'oa jino. Hakuna kilichong'oka.

"Uzi gani huu?"

"Unatoka kidoleni mwangu, bosi."

"Unauma?"

"Sana."

"Lakini imara," akasema, akaandika hivyo daftarini. Bi Vifungo akatumia nafasi hiyo kuomba ahamishiwe meza ya kukunja nguo. Msimamizi akamtazama kwa huruma ya kweli. "Leta karatasi ya daktari, mama. Bila karatasi, maumivu ni hadithi." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karatasi.

Tangu siku hiyo makoti yote yalishonwa kwa uzi ule. Ulikatwa kwa mkasi baada ya kila kifungo, ila neva haikuujali mkasi, na kila koti lilikokwenda Bi Vifungo alikuwako, akihisi kila kilichogusa vifungo vyake. Mume wake alizoea upesi. Akimwona amekunja uso mezani, kijiko kimesimama hewani, aliuliza, "Nani sasa?"

"Mlinzi. Anajikuna kwenye geti."

"Mwambie aoge."

Siku ambazo watu walipiga pasi, mume hakutania. Alimlisha mkewe kwa mkono wake, kwa sababu alimpenda na hakujua la kufanya jingine.

Bi Vifungo aliogopa. Kikombe cha chai sasa kilimtaka mikono miwili, na alijua kwamba mwaka mmoja zaidi wa sindano, vidole vyake visingeweza kufunga hata gauni lake mwenyewe. Alitaka meza ya kukunja tu. Basi akaomba ruhusa ya nusu siku, akaenda kliniki, akapimwa damu.

Daktari alikuwa kijana mpole, koti lake jipya limenyooka.

"Shikamoo, mama. Majibu yako ni mazuri mno. Damu safi, uvimbe hakuna."

"Marahaba. Naumwa, daktari."

"Unaumwa wapi, wakati uvimbe hakuna?"

"Kwenye kifungo chako cha pili, mwanangu. Umekibana tangu asubuhi. Na hiyo kalamu ya mfukoni inanichoma."

Daktari akajitazama kifuani. Akafungua kifungo, akavuta pumzi ndefu, akahamisha kalamu. "Kweli, kilikuwa kinanibana," akasema. Bi Vifungo, mtu asiyependa dhuluma, akakiri kwamba yeye pia amepata nafuu kidogo, kidole cha kati.

Kisha daktari akachukua kioo cha kukuzia, akainama juu ya kifungo kwa muda mrefu. "Hii ni neva," akasema. "Tena nzima, inafanya kazi vizuri sana."

"Umeiona?"

"Nimeiona, mama."

"Basi niandikie."

Daktari akaigeuza fomu mbele, akaigeuza nyuma. Akamwonyesha, asije akadhani ananyimwa kwa roho mbaya: palikuwa na mahali pa damu na mahali pa uvimbe, basi. Neva iliyo kwenye koti la mtu mwingine haikuwa na mahali pake.

"Nakuamini kabisa," akasema, akaanza kuandika: *Mgonjwa anafaa kwa kazi zote. Hana*

Kifungo cha mkono wa koti kikanasa kwenye ukingo wa meza.

"Ai," akasema Bi Vifungo.

"Samahani, mama." Daktari akakinasua kwa uangalifu mkubwa, akaukunja mkono wa koti hadi kwenye kiwiko ili asimuumize tena, akamalizia: *maumivu*.