Moto wa Nyumba ya Juu

Niseme mapema, nisije nikaonekana mnafiki: wifi yangu Leusa hakunikosea kitu. Aliishi tu katika nyumba niliyoitaka mimi, na kwa hilo nilimchukia miaka kumi na tisa.

Hapa shambani Bryn Mawnog tuna nyumba mbili katika uwanja mmoja, zimegusana pembe kwa pembe. Walizijenga ndugu wawili ambao baba yao alikataa kuwagawia shamba, nao wakakataa kula chungu kimoja, ndiyo maana mlango wa huku hauoni mlango wa kule. Mkubwa alijenga kwanza, akajenga Nyumba ya Juu. Mawe yake ya pembeni yalikokotwa na maksai, boriti zake ni za mwaloni, na linta ya meko ni jiwe moja, refu kuliko kitanda changu. Ukisimama mekoni na kutazama juu kupitia dohani, unaona mbingu. Mdogo akajenga ile ya chini kwa mabaki, mawe ya mviringo ya mtoni ambayo tunayapaka chokaa kila mwaka yasituaibishe. Upepo wa magharibi ukivuma, moshi wote unarudi ndani. Miaka hiyo yote nilipika humo machozi yakinitoka, na watu walidhani nina huzuni.

Mume wangu Tudur alizaliwa Nyumba ya Juu. Wazazi walipofariki, ikabaki kwa dada yake mkubwa, Leusa, ambaye hakuolewa. Pamoja na nyumba mama yao alimwachia moto. Ulikuwa moto wa mboji kavu, ule udongo mweusi wa kinamasi tunaoukata vipande na kuukausha uwe kuni, na ilisemekana haujazimika kwa miaka mia na arobaini. Kila jioni Leusa aliufunika kwa majivu, kila alfajiri akaufunua, akapuliza, akaongeza vipande vitatu. Watu walitoka hata mjini Bala kuja kuutazama, na mimi ndiye niliyewapitishia vikombe vya mtindi. Yeye mtu mmoja na jumba lile, sisi saba tumebanana kule chini kama viazi guniani. Roho ya kwa nini ilinikaa, sifichi.

Mwezi wa tisa ikaja barua kutoka Abermaw, pwani. Mdogo wao, Nesta, alikuwa amevunjika mguu. Leusa alipaswa kwenda siku tatu, na hakuwa na mtu wa kumwachia moto ila mimi. Akanifundisha nusu siku nzima, akinishika mkono kama mtoto anayejifunza kuandika. Akaniambia nisiuchokoze, maana moto uliochokozwa hula haraka. Nikamjibu kwamba nimepikia watoto watano na hakuna aliyekufa njaa.

Siku ya kwanza nilifanya kama alivyosema. Hata kiti chake nilikikalia, na kilinitosha vizuri sana.

Siku ya pili walikuja bwana mmoja wa gazeti na mkewe. Wakamuulizia bibi Leusa. Niliposema hayupo, bwana akanitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa. Mkewe, mwenye glavu nyeupe, akaniuliza kwa upole, "Na wewe mama, ndiye unayemfanyia kazi?" Kabla sijajibu, mumewe akaniomba nisogee, kwa sababu aproni yangu ilikuwa inaingia kwenye picha.

Walipoondoka nilikuwa na kipande cha mboji mkononi. Nikakirudisha kwenye rundo. Nikachukua koleo, nikayasambaza makaa juu ya bamba la jiwe ili yapoe moja moja, nikakaa kuyatazama. Ilichukua mchana kutwa. Mwanzoni nilifurahi, nakiri. Kaa la mwisho lilipofifia ndipo hofu ikanishika, lakini hofu haikutosha kunipeleka kutafuta kiberiti.

Asubuhi mawe ya meko yalikuwa yametoa jasho la baridi. Tudur aliingia, akaona, akakaa kwenye ngazi.

"Washa kiberiti unyamaze," akasema. "Nani atajua?"

Nikakataa. Usidhani ni kwa uaminifu. Nilitaka kuuona uso wa Leusa.

Alifika mchana kwa mkokoteni wa jirani. Aliingia na kofia kichwani, kikapu mkononi, na alijua kabla hajafika mekoni. Akaweka kiganja juu ya linta.

"Umezimika lini?"

"Jana. Nimeuzima mimi, makusudi."

Akakaa. Nikamkodolea macho nikisubiri malipo yangu ya miaka kumi na tisa. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Makusudi," akarudia. "Sasa Betsan, ulikuwa unangoja nini siku zote? Nina miaka hamsini na nane. Jana nimelala mpaka saa mbili asubuhi, wifi yangu. Nesta akaja akichechemea kunigusa, akidhani nimekufa."

"Hukasiriki?"

"Mama aliniapisha nina miaka kumi na sita. Kuuzima mwenyewe nisingethubutu, ningemwona kila kona." Akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Njoo unisaidie kulishusha sanduku langu, nahamia kwa Nesta. Nyumba ichukueni."

Aliniachia boriti, linta, kiti, vyote nilivyovililia ndani ya moshi, kama mtu anayempa jirani kikapu cha mayai yaliyozidi. Jumamosi aliondoka. Mpaka mkokoteni ulipopinda kwenye daraja bado nilimsikia akiimba.

Tulihamia. Tudur akawasha meko kwa njiti ya kiberiti, na Jumapili, watu walipokuja kutoka kanisani kuutazama moto, akawaambia ni uleule wa babu zake. Walikuwa wamesimama na kofia mikononi. Wakanigeukia, nami nikaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo siwezi kuuacha uzimike. Naamka alfajiri, nafunua majivu, napuliza, naongeza vipande vitatu. Abermaw sijawahi kufika.

Leusa hutuma kadi. Ya juzi anasema amejifunza kula kaa wa baharini, na kwamba yeye na Nesta hukaa ukingoni mwa maji miguu mitupu mpaka njaa iwaume. Niliisoma nimesimama chini ya linta niliyoitamani kuliko kitu chochote duniani. Namwonea wivu mwanamke yule. Namwonea wivu kuliko zamani, na sasa sina hata wa kumlaumu.