Azuki na Kaburi la Kina Kuwahara

Simu ya Iwao iliingia Fumie akipakua wali wa kuweka mbele ya picha ya marehemu mumewe, Kiyotaka. Iwao hakusalimia wala hakuuliza hali.

"Shemeji, nasikia unataka kuzika mbwa kwenye kaburi letu. Niambie ni uongo."

"Si uongo. Kiyotaka mwenyewe aliomba."

"Kiyotaka alikuwa mgonjwa. Mgonjwa anaomba kila kitu."

"Aliomba hicho tu. Awekwe na Azuki."

"Azuki ni mnyama! Ukimwingiza mnyama mle, baba, mama na mababu wote wanavutwa kwenye ulimwengu wa wanyama. Unataka mama yangu azaliwe tena akiwa ng'ombe?"

Mama yake! Mwiko nusura umponyoke Fumie. Huyo mama alilala kitandani miaka na miaka kabla ya kufa, na aliyemgeuza, aliyemwosha, aliyemlisha uji kijiko kwa kijiko ni Fumie, mke wa mtoto wa pili. Iwao, mtoto wa kwanza na mwenye kaburi, alikuwa kwake Osaka. Kila kiangazi alituma tikiti maji moja, limefungwa ndani ya boksi lake kwa utepe, basi akahesabu ametunza mzazi.

"Nimemaliza," Iwao alisema. "Kaburi ni la kina Kuwahara, na mimi ndiye mkubwa wa kina Kuwahara." Akakata simu.

Azuki alikuwa mbwa jike mdogo, rangi yake ile ya maharage mekundu aliyopewa jina lake. Fumie na Kiyotaka hawakujaaliwa mtoto, na sitaki kusikia mtu akisema walimfanya mbwa mtoto. Walimfanya mbwa wao, na ilitosha. Kiyotaka alipoanza kuugua, ndugu walikuja siku ya kwanza wakasikitika sana, kisha wakapotea. Azuki akahamia miguuni pake na hakuondoka hapo ila kwa haja. Alitangulia kufa yeye. Kiyotaka akajikokota mwenyewe kumpeleka kuchomwa, akarudi na mifupa ndani ya chungu kidogo, akakiweka kando ya mto wake. Majani yalipoanza kupukutika, naye akafuata.

Fumie alikwenda kwa mtawa wa hekalu, kwani makaburi yako nyuma ya hekalu lake.

"Mimi binafsi sina neno, mama," mtawa alisema, akipuliza chai yake. "Lakini kaburi ni la ukoo. Mkubwa wa ukoo akikubali, na mimi nimekubali."

"Na asipokubali?"

"Basi itakuwa vigumu," alisema, akaisifu hali ya hewa. Watu wa namna hii wana huruma tele, mradi isiwagharimu kitu.

Ikafika siku ya arobaini na tisa tangu Kiyotaka afe, siku ya kuingiza mifupa kaburini. Asubuhi, kabla ndugu hawajafika, Fumie alipiga magoti mbele ya madhabahu ya nyumbani, akafungua kitambaa cheupe kilichofunika chungu cha mumewe. Kwao huko milima ya Nara hawaziki chungu. Mifupa humwagwa kwenye udongo chini ya jiwe, ilale juu ya mifupa ya waliotangulia, mpaka yote iwe udongo mmoja. Akakifungua na chungu kidogo. Alimwaga taratibu, na mifupa ya Azuki ikaingia katikati ya mifupa ya Kiyotaka kwa sauti ndogo ya vigae. Akafunika, akafunga kitambaa upya, akaenda kuvaa nguo zake nyeusi.

Makaburini fundi alikuwa tayari amelisogeza jiwe, shimo liko wazi. Ndugu walijipanga, wamevaa nyeusi. Fumie alipotokea amekumbatia chungu, Iwao alimzuia njia.

"Shemeji, fungua huo mkoba."

"Mkoba wangu?"

"Fungua tuone. Nakujua wewe."

Mbele ya watu wote, mbele ya wapwa zake na wake zao, mjane akafunguliwa mkoba kama mwizi wa sokoni! Mtawa akatazama juu ya miti. Iwao alitia mkono, akapekua ubani, tasbihi na leso, asikute kitu.

"Vizuri," alisema. "Lete hicho chungu. Nitamwingiza mimi."

"Mimi ndiye mkewe."

"Na mimi ndiye mkubwa." Akakichukua kutoka kifuani pake.

Fumie hakulitarajia hilo. Iwao aliinama, uso kaugeuza pembeni kama anayemwaga maji machafu, akakipindua chungu mpaka chembe ya mwisho. Mtawa akasoma maombi, fundi akarudisha jiwe.

Walikwenda kula. Iwao alikaa kichwani mwa meza, akanywa bia, uso ukawa mwekundu.

"Tunashukuru, kaburi letu limebaki safi," alisema, akiinua glasi. Kisha akamgeukia Fumie kwa upole wa mtu aliyeshinda. "Na wewe shemeji, siku yako ikifika tutakaa tuzungumze. Huna mtoto, na damu yako si ya kwetu. Lakini tutaona. Sisi si watu wabaya."

Meza nzima ikainamisha macho. Fumie alikuwa amekusudia kunyamaza mpaka kufa kwake. Akaweka vijiti chini.

"Azuki yumo."

"Yumo wapi?"

"Kaburini. Alikuwa ndani ya chungu cha Kiyotaka. Umemmwaga wewe, kwa mikono yako miwili."

Iwao alisimama, glasi ikaanguka. "Umefanya nini? Wewe mwanamke umefanya nini? Mwiteni fundi! Lifunguliwe sasa hivi!"

"Lifunguliwe," alisema Fumie, naye akasimama. Sauti yake ilisikika mpaka jikoni. "Shuka, shemeji, ukachambue. Mfupa wa Azuki uutoe nje, wa Kiyotaka uuache, wa mama yako uuache. Mimi niliwabeba wote watatu wakiwa hai, na leo siwezi kujua upi ni wa nani. Wewe uliyekuwa Osaka, nenda ukawatambue!"

Hakuna aliyekwenda kumwita fundi. Mtawa alikuwa amezama ndani ya bakuli lake la supu. Iwao alitazama ndugu mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa akapata kitu cha kuokota chini ya meza.

"Na siku yangu msikae mkazungumza," Fumie alisema, akichukua mkoba wake. "Mtanimwaga palepale. Kuna wawili wananisubiri."