Ncha ya Sindano ya Fiorenza

Fiorenza Bertolino alishona magauni ya harusi kwa miaka kumi na miwili, kisha akashona setelaiti kwa miaka ishirini na sita. Majirani zake wa Torino walipomuuliza kampuni yake inafanya nini hasa, aliwajibu kwamba wenzake wanaunda vyombo vya kuizunguka dunia, na yeye ndiye anayevivisha nguo. Hakuwa anatania. Huko juu, upande unaotazama jua huungua na upande wa kivulini huganda. Kinachoikinga setelaiti ni blanketi la matabaka ishirini ya utando unaong'aa kama dhahabu, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Hakuna mashine iliyowahi kujua namna ya kulizungusha blanketi hilo kwenye kona. Mikono ya Fiorenza ilijua.

Jumatano moja ya mwezi Juni, setelaiti ya kupiga picha za barafu ya milimani ilikuwa tayari. Sanduku lake la safari lilikuwa linasubiri mlangoni, na ndege ya mizigo ilikuwa imekodiwa kwa siku ya Ijumaa. Lilibaki pindo moja tu chini ya antena, ambalo wahandisi waliomba lipanuliwe kidogo. Fiorenza alilishona palepale kwenye mwili wa chombo, amelala chali juu ya ubao wa magurudumu, amevaa vazi jeupe, barakoa na glavu. Saa sita kasorobo akamaliza. Alipokuwa anairudisha sindano kisandukuni, aliiona fupi.

Akaitazama kwa lenzi. Ncha haikuwepo. Kipande cha milimita nne hivi.

Hakuna aliyemwona. Angeweza kuifunga sindano ile kisandukuni, akaenda kula, na pengine jambo hilo lisingejulikana milele. Wazo hilo lilimpitia, naye akaliacha lipite. Akainua mkono.

"Nives! Njoo hapa. Na hao wenye kreni waambie wasimame."

Nives Peyrot alikuwa mkaguzi wa ubora. Walikuwa wakila pamoja mchana kwa miaka kumi na mitano, na hata siku moja Nives hakuwahi kumlegezea kwa ajili hiyo.

"Usiniambie," alisema alipoiona sindano.

"Nakuambia. Imevunjika, na ncha imo ndani."

"Umejuaje? Huenda iko sakafuni."

"Ingekuwa sakafuni ningeshaiona. Sakafu hii inang'aa kuliko sahani za mama mkwe wangu."

"Mama mkwe wako si alishafariki?"

"Na sahani zake bado zinang'aa. Andika ripoti yako, dada."

Mkuu wa mradi, Mhandisi Marchisio, aliingia mbio, miwani imefunikwa na ukungu wa pumzi yake.

"Fiorenza! Wewe ndiye wa kunifanyia hivi? Wewe?"

"Shukuru ni mimi, Mhandisi. Mwingine angenyamaza."

Walifumua pindo. Walimulika kwa taa, wakapekua kwa lenzi, wakapitisha utepe wenye gundi sakafuni kote. Saa tisa walikuwa hawajapata kitu. Marchisio alijiegemeza ukutani.

"Tumetafuta vya kutosha. Itakuwa ilizolewa na wafagiaji. Nives, tunaweza kuandika hivyo?"

"Naweza kuandika kwamba hatukuiona," Nives alijibu. "Kwamba haimo, siwezi."

Wote watatu walijua maana yake. Huko juu hakuna chini. Kitu hakilali kikatulia, kinaelea. Siku chuma kile kidogo kingegusa nyaya mbili kwa pamoja, kamera ingezimika, na hakuna fundi anayetumwa kule akiwa na bisibisi.

Fiorenza aliondoka bila kuaga. Alikwenda kwenye meza yake, akachukua kipande cha blanketi kilichobaki, akakibana kwenye uvungu wa meza kwa vibanio. Kisha akalala chali sakafuni na kuanza kulishona upya pindo lile, mshono kwa mshono, kama alivyofanya asubuhi. Kwenye mshono wa tisa, pale utepe wa kukazia pindo ulipopandana, sindano ilikaza. Akakumbuka. Palikuwa na mlio, tik, naye akadhani ni glavu.

Akarudi ukumbini.

"Tumetafuta pasipo. Sindano haikudondoka, iliruka. Sindano ikivunjika ikiwa imepinda, inafyatuka. Zamani niliwahi kuitoa ncha kwenye nywele za bibi harusi! Mimi nilikuwa nimelala chali, sindano inatazama juu. Imo juu, nyuma ya ubao wa pembeni wa setelaiti."

Marchisio alifumba macho. "Kuutoa ubao ule ni kazi mpaka kesho, na kuurudisha ni siku mbili nyingine. Ndege tutaikosa."

"Tutaikosa."

"Una uhakika?"

"Ninao."

"Kiasi gani, Fiorenza?"

"Kiasi kwamba, isipokuwepo, navua glavu hizi na kwenda zangu nyumbani, na hamtanisikia nikinung'unika."

Marchisio akamgeukia Nives. "Fungueni."

Alhamisi saa nne asubuhi ubao ulikuwa umetoka. Nives aliingiza kioo kidogo chenye mpini, akakizungusha polepole, akasimama. Alimpa Marchisio kioo. Juu ya ukingo unaobeba nyaya, upana wa kidole kutoka mahali kamera inapopokea umeme, kilikuwepo kistari cheupe cha chuma.

"Mungu wangu," Marchisio alinong'ona. Walipokwisha kuitoa ncha kwa koleo, aliuliza mbele ya wote, "Ilivunjikaje?"

"Ulitaka pindo liishe kabla ya chakula," Fiorenza alisema. "Nikaharakisha, nikatumia sindano iliyochoka. Nilipaswa kukukatalia. Kosa ni langu."

"Nusu ni yangu. Nives, andika yote mawili."

"Nilishaandika," alisema Nives.

Setelaiti iliondoka Jumanne kwa ndege nyingine, ikarushwa mwezi Oktoba, ikakunjua mabawa yake bila shida. Siku hiyo wafanyakazi walijazana mbele ya skrini wakipiga makofi na kukumbatiana. Fiorenza naye alipiga makofi, akabusiwa na watu wengi kuliko siku ya ndoa yake, kisha akarudi mezani, kwa sababu alikuwa ameacha blanketi la setelaiti nyingine likiwa nusu.

Marchisio alimfuata huko na kalenda mkononi.

"Hili litakwisha Alhamisi?"

"Ijumaa."

"Ijumaa asubuhi?"

"Jioni, Mhandisi."

Marchisio alichomoa kalamu, akaandika: Ijumaa, jioni.