Sahani za Filipo

Kamba ya wachimbaji ya kupimia eneo ilipofika hatua nne tu kutoka banda lake la kupikia, Febronia alijua sasa hana pa kujificha.

Kwa wiki tatu alikuwa akiwapikia ugali wataalamu wa chuo kikuu waliokuja Manyoni kuchimba mashimo ya watu wa kale, nyuma ya mtaa wa maduka. Mashimo yenyewe yalijitokeza tajiri mmoja alipokuwa akichimba msingi wa gesti; enzi hizi za ruksa ya biashara, kila mwenye mifuko miwili ya saruji anajenga gesti. Kumbe chini palikuwa na maghala ya mtama ya watu walioishi pale miaka mia sita iliyopita. Febronia hakuwa na ugomvi na watu hao. Aliyemtia hofu ni marehemu mumewe, Filipo, ambaye naye aliwahi kulitumia shimo lao moja bila kujua ni lao.

Vijana wa leo hawawezi kuamini, lakini mwaka themanini na tatu sahani ya bati ilikuwa kitu cha kugombaniwa. Filipo alikuwa mlinzi wa duka la ushirika. Akapitisha dazeni nne mlango wa nyuma, na wiki hiyo hiyo ukaja msako wa wahujumu uchumi. Akazifunga kwenye turubai, akachimba nyuma ya banda mahali ambapo udongo ulikuwa laini ajabu, akazifukia. Febronia ndiye aliyeshika karai.

Aliyebebwa na polisi kwa upotevu huo ni muuza duka, Yeremia, rafiki wa Filipo wa kufa na kuzikana. Alikaa ndani miaka miwili, na mama yake akafa hajamwona. Kisha biashara ikafunguliwa, sahani zikamwagwa chini mnadani mpaka watu wakawa wanazikanyaga. Zile za shimoni hakuna aliyethubutu kuzigusa.

Na sasa, kati ya vibarua waliokodiwa kuchimba, mwenye mkono mwangalifu kuliko wote alikuwa huyo huyo Yeremia. Alikwangua udongo kwa mwiko wa fundi, akaupitisha kwenye chekeche, na kila kigae akakipa karatasi yenye namba na kukipanga juu ya shuka. Mchana alikuja bandani, akainua kifuniko cha mtungi, akanywa maji na kusema, "Ahsante, shemeji." Kila alipoitwa shemeji, Febronia aliinamia moto kuchochea kuni.

"Shikamoo mama, njoo uone," Belinda, mkuu wa uchimbaji, alimwita jioni hiyo.

"Marahaba."

Belinda alionyesha duara la udongo mweusi, na katikati yake doa jekundu. "Huu mweusi ni wa kale. Hapa kwenye wekundu mtu alichimba tena baadaye. Udongo ukishafukuliwa haurudi ulivyokuwa."

"Alichimba lini?"

"Tutajua kesho. Mzee Yeremia atashuka."

Usiku huo Febronia hakupata usingizi. Sheria ya wahujumu alisikia ilishabadilishwa, lakini si sheria aliyoiogopa. Aliogopa uso wa Yeremia atakapogusa ile turubai huku yeye amesimama pembeni akisonga ugali. Kulipokucha alikuwa amekata shauri: heri aseme mwenyewe.

Alimkuta akifuta mwiko kwenye suruali.

"Shemeji, kabla hujashuka. Sahani za dukani zimo humo. Filipo alizichukua, mimi nikashika karai."

Yeremia aliendelea kufuta mwiko ambao ulikuwa umeshatakata.

Hapo Belinda akatokea na daftari lake. "Mzee Yeremia, pale achana napo. Jana kabla ya kufunga kazi niliokota kizibo cha soda kwenye ule udongo mwekundu. Ni shimo la juzi tu, si kazi yetu. Tunafukia, gari la kutuchukua linakuja saa nane."

Febronia alitamani maneno yake yarudi mdomoni. Angenyamaza kwa dakika tano tu, angekufa na siri yake.

"Mwanangu, niachie mwiko mpaka hilo gari lije," Yeremia alimwambia Belinda, akashuka.

"Shemeji, nakuomba, yaache."

"Shika karai," alisema.

Akashika. Udongo ukammwagikia miguuni. Yeremia alichimba kama alivyofundishwa, bila haraka, na kila sahani akaifuta kwa burashi, akaipa namba, akaipanga juu ya shuka kuelekea njia ya watu. Wauza mitumba wakasogea. Wakaja pia wazee waliokuwa wakimwita mwizi mbele ya wajukuu zao. Hakuna aliyecheka.

Saa saba alipanda juu na kunyoosha mgongo.

"Mahakamani nilisomewa arobaini na nane," alisema. "Hapa ni arobaini na saba. Moja iko wapi, shemeji?"

Karai lilimponyoka Febronia. Watu wote walikuwa wakimtazama yeye. Alitembea mpaka bandani, akaondoa sahani iliyofunika mtungi, ile ile ambayo Yeremia alikuwa akiiinua kila mchana anywe maji. Akaipangusa kwa khanga, akampelekea.

Yeremia aliipokea kwa mikono miwili. Akaiandikia namba, akaiweka mwisho wa mstari.